Ua Linalochanua Tarbaj Wakati wa Kiangazi

Msomaji, ukiondoka Wajir mjini kuelekea El Wak na Mandera, utapita Tarbaj. Ukifika huko kati ya Januari na Machi, msimu ambao Wasomali huuita Jilaal, usitarajie kuona kijani. Miti ya miiba imekauka na ngamia wanatembea mbali kutafuta maji. Lakini tazama vizuri kwenye mawe. Huenda ukaona mmea mfupi ulionenepa chini kama kibuyu, usio na jani hata moja, ila umejaa maua ya rangi ya waridi.

Huo ni Adenium obesum, ambao wapenda bustani huuita waridi la jangwani. Mtaalamu Peter Forsskål aliukuta Yemen, akafariki huko mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa 1775. Jina Adenium latokana na Aden.

Je, unaishije pakavu hivyo? Mvua ikinyesha, shina hujaza maji. Kiangazi kikiingia, mmea hupukutisha majani ili maji yasipotee.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosekana kaskazini mwa Kenya kwa misimu 5 mfululizo. Mifugo wengi waliangamia. Utauliza: mbona wasilishwe shina hilo lenye maji? Haiwezekani. Utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, na sehemu nyingi za Afrika wawindaji waliupaka kwenye mishale.

Mmea huu una adui mmoja asiyeogopa sumu: mwenye sururu. Mijini unapendwa sana vyunguni, na shina nene huchukua miaka mingi kukua, kwa hiyo wengine huona heri kuung'oa porini.

Basi ukitaka wako, mwulize muuzaji: umeoteshwa kwa mbegu, au umeng'olewa? Chagua wa mbegu. Upande kwenye mchanga, chungu kiwe na tundu, uweke juani, na usimwagilie mpaka udongo ukauke. Maji mengi huuozesha. Ukiukata, nawa mikono, na watoto wasiuchezee.

Ukizaa, utaona maganda mawili kama pembe. Yakipasuka hutoa mbegu zenye manyoya ya kupeperushwa na upepo. Ziokote, uwagawie majirani, ili shina la porini libaki lilipoota.