Newala, kinyago kinakuona kwa mdomo!

Washikaji, wiki hii twende Kusini. Ukiwa Masasi unaona milima ya mawe imesimama mmoja mmoja, kama imemwagwa pale. Kutoka hapo unapanda uwanda wa Makonde, mikorosho kulia na kushoto, mpaka Newala. Simama pale Shimo la Mungu uone bonde lote la Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo. Wee acha tu!

Basi bwana, huko macho ni habari nyingine. Sisi wa Dar tumezoea vinyago vya Mwenge, mpingo unang'aa, Mzungu anabembeleza bei. Yale mashetani yenye jicho moja, au jicho lililohamia shavuni, ni mtindo ulioanza miaka ya 1950, na wengi humtaja Samaki Likankoa kuwa ndiye mwanzilishi. Yale ni ya sokoni.

Kinyago cha ngoma ni kingine kabisa. Kinachongwa kwa mti mwepesi, maana mtu anakivaa. Wamakonde wa upande wetu wana midimu, kinyago cha uso. Wenzao wa ng'ambo ya Ruvuma wana mapiko, kinachoingia kichwani kama kofia, kingine kimebandikwa nywele za mtu kweli. Sasa sikia: mchezaji wa mapiko hatazami kwa macho ya kinyago, anachungulia mdomoni! Yale macho ya juu, yaliyolegea kama yanasinzia, ni ya marehemu aliyekuja kuwapokea vijana waliotoka jandoni. Asiyepita jando hakutakiwa hata kujua kwamba ndani mna mtu. Ukishapita, huogopi tena, lakini unanyamaza.

Na bundi je? Akilia juu ya paa usiku, watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Babu mmoja wa Newala aliniambia, "Mjukuu wangu, kuku anakutazama kwa ubavu. Bundi anakukazia macho mawili kama mtu. Utaachaje kumwogopa?" Kumbe maskini macho yake hayazunguki, ndiyo maana anageuza shingo mpaka nyuma. Tena anakula panya, wale wale wanaomaliza chakula ghalani. Ukimpiga mawe, panya wanashangilia.

Ila mwizi haogopi macho ya bundi wala ya kinyago. Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar, kikaibukia makumbusho ya Barbier-Mueller kule Geneva. Kilirudishwa 2010. Miaka 26 kinatazamwa na watu ambao hakikuja kuwapokea!

Kwa hiyo ukienda Newala, ukakutana na ngoma, usikimbilie kamera. Omba ruhusa kwa wazee kwanza. Na usiulize nani yuko ndani. Yeye ameshakuona.

Tukutane wiki ijayo.