Keumbu: Nyuzi za Mbao na Uimara wa Nyumba

Ukishika barabara itokayo Kisii kwenda Keroka, utapita Keumbu, nchi ya vilima vyenye chai na migomba, na mikaratusi mirefu mipakani mwa mashamba. Hapo nilimkuta mzee mmoja, fundi seremala, akichagua mbao za nyumba ya mwanawe.

Nilistaajabu kumwona akikataa mbao nzuri. "Omogaka," nikamwuliza, "ubao huu ni mpana, mkavu, wala hauna tundu. Una kosa gani?"

Hakunijibu. Alitwaa kipande cha ubao ule ule, akakipasua kwa shoka. Ufa haukufuata ukingo, bali ulikwenda mshazari ukatokea ubavuni. Ndipo akasema, "Boriti ya namna hii niliinunua kwa haraka, ikavunjika juu ya kitanda changu. Kwa rehema za Mungu nilikuwa sijalala."

Basi, ndugu msomaji, sababu yake ni hii. Mti umejengwa kwa nyuzi nyembamba zipandazo toka shinani kwenda kileleni. Kuzikata ni kazi ngumu, lakini kuzitenganisha ni rahisi. Kila apasuaye kuni ajua hivyo. Nyuzi zikifuata urefu wa ubao, ubao huhimili mzigo. Zikienda mshazari, mzigo huzitenganisha. Wataalamu wamepima wakaona kwamba nyuzi zikipotoka inchi 1 katika kila inchi 10, nguvu ya ubao hupungua karibu sehemu moja ya tano. Zikipotoka inchi 1 katika kila inchi 5, hupungua karibu nusu.

Kosa si la mpasuaji siku zote, maana miti mingine hujisokota ikikua. Tazama nyufa za gogo lililokauka: zikilizunguka kama kamba iliyosokotwa, gogo hilo lisitoe boriti. Kifundo nacho hupotosha nyuzi. Boriti yenye kifundo karibu na ukingo, ikilazwa juu ya kuta mbili, kifundo kielekezwe juu, kwani upande wa chini ndio uvutwao na mzigo.

Mzee alihitaji mbao kumi na mbili, akapata sita tu. Mwanawe alinung'unika kwamba kazi itachelewa. Mzee akamjibu, "Heri ulale kwangu mwezi mmoja zaidi, kuliko watoto wako walale chini ya boriti nisiyoiamini." Zile alizozikataa hazikutupwa, alisema zingefaa kwa rafu na banda la kuku.