Menyu Ilipotea Saa 5 Usiku, Kumbe Nimeshushwa Cheo

Jina la staa nalitia kapuni, msinilazimishe. Ila mkasa ni wangu na umenitokea kweli.

Mimi ndiye niliyemtengenezea tovuti yake kwa WordPress. Tiketi za shoo zilikuwa zianze kuuzwa saa 2 asubuhi. Saa 5 usiku akanitumia meseji: "Dada, badilisha namba ya malipo." Kazi ya dakika mbili tu.

Nikaingia kwenye dashibodi. Setingi za plagini ya tiketi hazipo! Nikafuta kashe, nikabadili kivinjari, nikatoka nikaingia upya, nikajaribu kwa simu. Wapi! Saa 6 staa akapiga: "Vipi, bado?" Nikamdanganya mtandao unasumbua. Ukweli nilikuwa natetemeka, nikijua nimeharibu tovuti ya watu.

Nikamwamsha mshikaji wangu mmoja, fundi wa tovuti. Hakuuliza mengi.

"Upande wa kushoto unaona menyu ya plagini? Na ya watumiaji je?"

Sioni. Naona machapisho, kurasa, picha na komenti.

Akacheka. "Hakuna kilichoharibika, sista. Wewe siyo admini tena. Umeshushwa, sasa ni mhariri."

Akanielewesha. WordPress inakuja na vyeo vitano: admini, mhariri, mwandishi, mchangiaji na mfuatiliaji. Mhariri anaweza kurekebisha hadi kazi za wenzake, lakini plagini na setingi za tovuti ni za admini. Na ukishushwa hupewi taarifa yoyote. Menyu zinapotea tu, unabaki unahangaika na kashe.

Admini mwingine alikuwa mmoja tu: meneja wake.

Sasa hapa ndipo penye mtihani. Nywila za seva ninazo mimi. Ningeingia kwenye hifadhidata, nikajirudishia cheo kwa dakika chache, na pengine mtu asingejua. Mkono ulishafika kwenye kibodi. Nikasita. Nikipitia dirishani leo, kesho mwizi ni mimi.

Nikampigia staa, nikamweleza kila kitu, hata ule uongo wa mtandao. Kimya. Halafu akauliza taratibu, "Nani kakutoa?"

"Muulize meneja wako."

Saa 7 na nusu menyu zikarudi. Namba nikabadilisha, tiketi zikatoka kwa wakati. Hakuna aliyeniomba radhi. Meneja tukikutana tunasalimiana kama hakijatokea kitu, ila tunajuana.

Siku hizi sigusi kazi ya mtu bila karatasi iliyosainiwa: admini ni nani, na nani ana ruhusa ya kumtoa. Na menyu ikipotea, kabla sijafuta kashe wala kuifuta plagini yenyewe, natazama kwanza cheo changu.

Haya wadau, mngekuwa nyie mngepitia dirishani? Tiririkeni.