Nyumba ya kaka na baridi ya Lubumbashi

Baridi ya Lubumbashi hatukuijua. Tuseme ukweli wote: tulikuwa tukiifundisha. Kila mwaka tunaandika ubaoni kwamba Katanga iko mbali na ikweta kuliko Kivu, kwamba kule wana miezi ya mvua na miezi ya kiangazi, na kwamba usiku wa kiangazi ni wa baridi. Watoto wanaandika, tunasahihisha, tunapita. Lakini mwezi wa saba wa 2018, kaka yetu alipotutumia tikiti kutoka Bukavu, tulifunga mizigo kama watu wanaokwenda kuota jua. Vitenge, sandali, blauzi za mikono mifupi. Triko za watoto tuliziacha juu ya kabati. Mdogo wetu ndiye aliyetushauri, kwa kuwa alikuwa ameona picha za harusi za huko, watu wote wakijipangusa jasho. Baadaye tulikuja kujua kwamba picha zile zilipigwa mwezi wa kumi.

Tulikuwa wanne: sisi dada wawili na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine wa minne. Kaka na mke wake walikuwa na safari ya majuma matatu kwenda Kinshasa, na katika kartie yao nyumba isiyo na mtu haikai siku nyingi bila wezi kuijua. Ndiyo sababu ya tikiti. Wifi alibandika karatasi kwenye mlango wa jikoni: mbwa apewe bukari jioni; kuku wafungiwe kabla ya giza; maji yachotwe saa kumi na moja alfajiri, kabla bomba halijakauka; ufunguo wa mlango wa nyuma asipewe mtu yeyote. Imepangwa kwa namba kama andalio la somo. Tulimheshimu kwa karatasi ile.

Mchana wa kwanza ulikuwa mzuri, jua safi, vumbi jekundu, watoto wakikimbizana chini ya mwembe. Ilipofika saa moja jioni wakaanza kutetemeka. Usiku kule, mwezi wa saba, joto hushuka mpaka digri 7 au 8. Bukavu tuko juu zaidi, karibu mita 1.500, na Lubumbashi ni kama 1.200, lakini sisi tuna mawingu, na mawingu ni blanketi. Kule mbingu iko wazi kabisa, na joto lote la mchana linapanda na kupotea. Tena nyumba ya kaka ilijengwa kwa ajili ya mwezi wa kumi: sakafu ya sementi, bati bila dari, na vitundu vya hewa juu ya kila dirisha. Upepo ulikuwa ukiingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Tulivumilia usiku mbili kwa kuvaa vitenge vitatu vitatu. Kununua blanketi? Pesa ya mwalimu katika mwezi wa saba, wamama, mnaijua. Siku ya tatu tukaziba vile vitundu kwa magunia na matambara, tukajisifu. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, kwa hiyo tulipika kwa mbabula barazani. Chakula kilipoisha makala yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Tukaona hasara kuyaacha nje. Tukaiingiza mbabula chumbani, tukaiweka mbali na godoro ili mtoto asiungue, tukafunga mlango. Hatujalala vizuri namna ile tangu tufike.

Usiku mkubwa yule wa miaka minne alitapika. Mdogo wetu akasema kichwa kinampasuka. Na sisi kichwa kilikuwa kinatupasuka. Tukadhani ni malaria. Tulipotaka kuinuka, magoti yalikataa. Tulitambaa mpaka mlangoni ili kumtoa mtoto asichafue godoro, basi, si kwa akili nyingine yoyote. Mlango ulipofunguka hewa ya nje ilitupiga usoni. Yule mkubwa tulimvuta kwa mikono. Tulimwita jina lake mara nyingi kabla hajaitika.

Jirani, mama mtu mzima, alisikia sauti zetu. Aliuliza neno moja tu kutoka upande wa pili wa ukuta: "Mumelala na mbabula?" Akaja na mkeka, akatukalisha wote uani katika baridi ile ile tuliyoikimbia, akatufunika kwa blanketi zake mpaka kukacha. Asubuhi kwenye kituo cha afya muuguzi alitugombeza kama wanafunzi, na alikuwa na haki. Makala yanayowaka mahali palipozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa pia. Alitufundisha na namna ya kuitofautisha na malaria: watu wa nyumba nzima wanaumwa kichwa saa moja, hawana homa, na wakitoka nje wanaanza kupata nafuu. Hata wakipata nafuu, wapelekwe kwa muuguzi.

Tulizibua vitundu siku ile ile. Blanketi mbili tulinunua za mitumba, kwa pesa tuliyokuwa tumeitenga kwa madaftari. Tukalala wote wanne kwenye godoro moja.

Kumwambia kaka ilikuwa ngumu kuliko baridi. Alitupa nyumba tuilinde, nasi tulikaribia kumwachia maiti nne ndani. Kwenye simu tulikuwa tukisema kila kitu ni salama, kuku wanataga. Waliporudi, wifi aliona alama ya mbabula kwenye sakafu ya chumba akatutazama. Tukamweleza yote. Hakusema kitu. Alikwenda jikoni, akachukua kalamu, akaandika namba tano chini ya karatasi yake. Kisha akafungua kabati ya chumbani kwao, ambayo kwa adabu hatukuigusa majuma yote matatu, akatuonyesha blanketi sita.