Kutembelea Marafiki Kibabii Wakati wa Likizo

Kila nchi ina majira yake ya kutembeleana. Katika nchi ya Norwei, upande wa kaskazini wa Ulaya, bahari imeingia katikati ya milima kwa hori nyembamba zilizochimbwa na barafu zamani sana. Hori moja, iitwayo Sognefjord, ina urefu uzidio kilometa 200, na kina chake chapita meta 1,300. Huko baridi na giza hutawala miezi mingi. Kwa hiyo ufikapo mwezi wa Julai, wakati usiku ni mfupi, watu wengi huacha kazi zao wakaenda kukaa na marafiki katika nyumba za mbao kando ya maji. Hawauogopi umbali, kwa kuwa wajua ya kwamba majira hayo hayakawii kupita.

Wakulima wa Kitale na wa Bungoma hawangoji jua, maana jua wanalo mwaka mzima. Wao hungoja mahindi. Katika Trans Nzoia mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zianzapo, na huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Mavuno yakisha kuingia ghalani na shule zikifungwa, hapo ndipo mzee wa Kitale amwambiapo mkewe, "Sasa twende Kibabii tukawaone wenzetu."

Safari yenyewe si ndefu, lakini yafaa kutazamwa kwa macho mawili. Kitale uko juu, yapata meta 1,900 kutoka usawa wa bahari. Gari hushuka polepole kupitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Webuye, mahali ambapo mto Nzoia, utokao milima ya Cherangani, waporomoka miambani kwa kishindo ukielekea ziwa Victoria. Karibu na hapo pana kilima cha Chetambe, ambapo Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895 wakiwa ndani ya boma lao la udongo. Wazee hupenda kuwaonyesha watoto mahali hapo, ili wajue ya kwamba nchi hii ina habari zake kabla ya reli na kabla ya mashamba ya walowezi.

Kutoka Webuye msafiri hufika mji wa Bungoma, kisha hushika barabara ya Chwele, na baada ya kilometa chache yupo Kibabii. Hapo pana misheni ya Kikatoliki, shule, chuo cha ualimu, na Chuo Kikuu cha Kibabii kilichopewa hati yake mwaka 2015. Lakini mgeni wa likizo hakuja kwa ajili ya majumba hayo. Ameacha barabara kuu, amepita kati ya miwa na migomba, na sasa asimama uani mwa rafiki yake na kupiga hodi.

"Mulembe, papa! Mulembe, mayi!" ndiyo salamu aipatayo, naye hujibu, "Mulembe." Neno hilo maana yake ni amani. Mgeni haulizwi habari ya mahindi wala ya bei ya mbolea mpaka amani hiyo imekwisha kutolewa na kupokelewa.

Mama wa nyumba ya wageni hupokea sukari, majani ya chai na sabuni zilizoletwa, na mara watoto wanamfukuza kuku uani. Kwa Waluhya, mgeni asiyechinjiwa kuku hawezi kusema kwamba amekaribishwa. Kuku huja pamoja na ugali mweusi wa wimbi na muhogo, na mboga ya kunde au mlenda iliyolainishwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa. Firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mgeni wa heshima, na kijana mwenye adabu hainyoshei mkono.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Kibabii mgeni mwema haingoji siku hiyo ya tatu. Asubuhi ya pili utamwona ameketi kivulini pamoja na wenyeji, wote wakipukuchua mahindi, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza: nani ameoa, nani amefiwa, mtoto gani amefaulu mtihani, ng'ombe gani anyweshwe dawa. Kazi ya mikono huulainisha ulimi kuliko kiti cha sebuleni.

Ikifika jioni wote hutazama mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, wenye kimo cha meta 4,321. Kwa mtu wa Kitale mlima huo uko magharibi, na jua huzama nyuma yake. Kwa mtu wa Kibabii uko kaskazini. Watoto hubishana ni upande gani ulio mbele ya mlima na ni upande gani ulio nyuma. Mtoto wa Kitale hujisifia mapango ya Kitum na Makingeny, yaliyomo katika hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1968, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Wazee hucheka, wakawaambia kwamba mlima hauna mgongo.

Ubishi huo wa watoto wagusa jambo kubwa. Wakati wa ukoloni watu wengi wa Bungoma walikwenda Trans Nzoia kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wengi walinunua ardhi huko wakabaki. Ndiyo maana jamaa na marafiki wametawanyika pande zote za mlima, wakikaa pamoja na Wasabaoti na watu wa makabila mengine. Mwaka 1991 na 1992, na tena kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi ulileta mauaji katika sehemu za Elgon, nyumba zikachomwa na watu wakakimbia. Wengi waliokimbia hawakuwa na pa kwenda ila kwa jamaa na rafiki. Siku hiyo mtu hukumbuka ni mlango gani alioubisha wakati wa amani, na ni mlango gani alioupita kwa sababu ya uvivu.

Likizo ikiisha, mgeni haondoki mikono mitupu. Hupewa kuku aliye hai, au mkungu wa ndizi, na wenyeji humsindikiza mpaka barabarani. Asiyesindikizwa huwa kana kwamba amefukuzwa. Hapo wakingoja gari, huagana kwa ahadi: ikiwa mwaka ujao hugawanyika kwa mbili, basi Agosti itakuwa na tohara ya Wabukusu, na vijana wenye njuga za chuma mikononi watakwenda mpaka Kitale kuwaalika wajomba na marafiki. Zamu ya kukaribisha itakuwa imegeuka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye nauli ya kwenda Kibabii na siku nne za nafasi, asiseme atakwenda mwaka mwingine. Na aagane nao kwa neno lile lile alilokaribishwa nalo: mulembe.