Kizimba cha dogo na nundu yangu

 Nilipotea kidogo, si kwa kupenda. Kazi za chumba cha habari mnazijua: ukimaliza habari ya madiwani unatumwa ya mafuriko. Leo siasa naiweka pembeni, niwasimulie kuhusu nundu iliyoota juu ya sikio langu la kushoto.

Nina mdogo wangu ana Altezza. Wa Dar mnajua maana yake: mshahara wote unaishia Gerezani kwenye vipuri. Ameng'oa injini ya asili, akafunga 2JZ yenye turbo, na sasa anaota mashindano ya kukimbia mstari ulionyooka, ile robo maili, yaani mita 402 tu. Rafiki zake walimpima kwa saa ya simu, wakasema sekunde 11 na ushei. Wakamwambia kwa spidi hiyo lazima awe na kizimba ndani ya gari, "roli keji" kwa lugha yao: mabomba ya chuma yanayozunguka siti, ili gari likipinduka paa lisimshukie dereva. Akampa fundi pesa, siku nne kazi ikaisha. Chekundu, kinang'aa. Kusema kweli kilipendeza.

Jumamosi akatuchukua kwenda msibani, mimi mbele, mama nyuma. Bi mkubwa alisota dakika nzima kupenya kwenye mabomba huku amekusanya khanga zake. Njiani tukakutana na tuta lisilo na alama. Hatukuwa hata kwenye 40. Kichwa changu kikagonga bomba, ngo! Nikaona nyota mchana kweupe.

Mama akauliza taratibu, "Sasa hiki chuma kinamlinda nani?"

Swali kama hilo mwandishi hulali nalo vizuri. Usiku nikasoma kanuni za NHRA, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951 kusimamia mbio hizi. Kwa magari ya umri wa Altezza, ukimaliza robo maili kwa sekunde 11.49 au pungufu unatakiwa angalau upinde wa chuma nyuma ya dereva. Ukifika 9.99, kizimba kamili. Lakini havikai peke yake. Kuna mikanda ya kukubana mabega na kiuno usiruke kwenye siti, kuna helmeti, na pale helmeti inapoweza kugusa bomba panavishwa sponji ngumu maalumu.

Hapo ndipo nikaielewa nundu yangu. Kizimba kimepimiwa mtu aliyefungwa barabara na kuvaa helmeti. Sisi tulikuwa na mikanda ya kawaida na vichwa vitupu. Tungegongwa na daladala, bomba la kumwokoa dogo siku ya mashindano ndilo lingetupasua.

Jumatatu nikamburuta hadi gereji. Kanuni zinataka bomba la chuma cha kawaida liwe na unene wa ukuta wa milimita 3 hivi. Tukatoboa kitundu, tukapima. Milimita moja na nusu! Bomba la kutengenezea viti. Halafu miguu yake ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye bati la sakafu, bila sahani nene ya chuma ya kutawanya uzito. Gari likipinduka, miguu hiyo inatoboa sakafu kama kisigino chembamba kwenye tope, na paa linakufuata.

Nilijiandaa kufoka. Fundi akafuta mikono, akanitazama, akasema, "Kaka, mimi niliambiwa nitengeneze kizimba. Sikuambiwa gari litapinduka."

Nilikosa jibu. Hakuna aliyemwambia. Dogo alimpelekea picha kwenye simu na bajeti ndogo, naye akatengeneza picha ile ile. Ni kama sisi tunapopewa kichwa cha habari kabla ya habari yenyewe.

Dogo alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniomba nimchangie pesa ya kukikata. Nikatoa, ingawa mnaujua mshahara wa ripota. Grainda ililia mchana kutwa. Tumekubaliana hivi: Altezza inabaki gari la kwenda kazini, msibani na sokoni. Akitaka mashindano, atatafuta bodi nyingine, atang'oa siti za nyuma, atafunga kizimba cha vipimo, mikanda na helmeti, na gari hilo litapelekwa uwanjani likiwa limebebwa. Hana pesa hiyo sasa. Huenda mwakani.

Jana mama alipanda, akajinyoosha siti ya nyuma, akapapasa paa. "Mmekitoa kile kitanda?" Dogo akaitikia, "Ndiyo, mama."

Akaendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Nundu bado ipo, wadau. Kila nikichana nywele naikumbuka.