Mgeni Apitaye Juu

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani ya majahazi iliielewa vyema kauli hiyo. Majahazi ya Uarabuni yaliyoingia Delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko yaliletwa na kaskazi, na hayakurejea kwao mpaka kusi ivume. Mgeni akala wali wa Rufiji, akajifunza majina ya watu, akaacha deni na akalilipa msimu wa pili.

Leo mgeni haletwi na upepo, aletwa na nauli. Mwaka 1977 Mwingereza Freddie Laker alianza kuwavusha watu baina ya London na New York kwa bei ndogo. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1982, lakini fikra yenyewe haikufa: kiti kisibaki kitupu, ndege isikawie chini, mlo na mzigo vilipiwe mbali. Fikra hiyo ilifika kwetu. Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam mwaka 2012, ikasita mwishoni mwa 2018. Flydubai ilianza safari za Zanzibar mwaka 2014. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2024 walipita 700,000. Si wote walioletwa na nauli nafuu; hata hivyo, nauli hiyo imemfungulia mlango mtu wa kipato cha kadiri, mwenye likizo ya wiki moja tu. Haki isemwe: mvuvi wa pweza, dereva na mtandika vitanda wamepata riziki kwayo.

Lakini wiki moja ni fupi. Mwenye wiki moja huenda palipokwisha kutengenezwa. Kutoka Dar es Salaam, ndege ndogo humfikisha Mafia kwa muda wa nusu saa hivi, akaogelee na papa potwe. Njiani huiona Delta dirishani, mito ikijisokota ndani ya mikoko, akapiga picha. Chini yake, Nyamisati wilayani Kibiti, abiria wa Mafia hiyo hiyo wanangoja chombo. Kwenye madungu, wakulima wanafukuza ndege wa aina nyingine, walao mpunga.

Eropleni za kwanza kuijua Delta zilikuja wakati wa vita, kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha humo, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mzinga wake mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na watalii huutazama huko. Mtoni ulikonguruma, wachache hufika. Tena mauaji ya mwaka 2016 na 2017, yaliyowaangukia viongozi wa vijiji na askari, yalilitia hofu jina la Kibiti, na jina lenye hofu haliuzi tiketi hata bei ikishuka vipi.

Basi methali haijawa uongo, ila ina sharti lisilotajwa: mgeni akae. Unafuu wa nauli umeongeza wageni na kupunguza siku zao, na mwenyeji aliye mbali na uwanja wa ndege hubaki na mvumo wa injini. Delta haidai uwanja wa ndege. Yadai boti za uhakika, nyumba safi za kulala, waongozaji waliozaliwa mitoni, na mgeni mwenye siku tatu. Fedha aliyoiokoa katika nauli yaweza kumfikisha Nyamisati. Siku hizo tatu atazitoa mwenyewe.